AICC: wapangaji ndio waliolibakiza jumba la mikutano

Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha (AICC) kinalaumiwa kwamba kwa miaka mingi kimeishi kwa kodi ya ofisi. Ni kweli. Ila jengo lile lilijengwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika 1977, Tanzania ikabaki na mabawa matatu, Kilimanjaro, Ngorongoro na Serengeti, yenye korido ndefu na ofisi tele. Mwaka uliofuata ndipo AICC ikaundwa.

Ukumbi uliolala bure leo hauuzwi mara mbili kesho, huku walinzi, lifti na jenereta vikila pesa vilevile. Kodi ya pango huingia mkutano uwepo usiwepo.

Mpangaji aliyelipatia jengo jina ni Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyopangiwa Arusha mwaka 1995. Humo ndimo Jean-Paul Akayesu alipotiwa hatiani Septemba 2, 1998, hukumu ya kwanza ya mauaji ya kimbari kutolewa na mahakama ya kimataifa. Kongamano gani la siku tatu lingeleta hilo? Na ilikuwa kazi ya kituo cha mikutano hasa: ukalimani. Miaka ya mwanzo, shahidi alisema Kinyarwanda, mkalimani akageuza Kifaransa, mwenzake akakidaka Kifaransa hicho na kukitoa kwa Kiingereza. Kila hatua inakula sekunde. Wakili asiyesubiri hupandisha swali jipya juu ya jibu ambalo bado liko njiani.

Wakosoaji wana hoja nzito moja. Mpangaji mkubwa akihama, huondoka na ghorofa nzima: Jumuiya iliyofufuliwa ilipata jengo lake 2012, mahakama ikafungwa mwisho wa 2015. Semina haziwezi kuziba pengo hilo. Tena ukumbi mkubwa, Simba, unachukua watu 1,350 hivi, na maonyesho ya mashine hayana pa kutandazwa.

Hapo dawa ni wapangaji wadogo wengi, mikataba yao ikiisha miaka tofauti. Kuzibomoa ofisi ili kupata ukumbi mmoja mkubwa ni hasara. Mazungumzo ya amani ya Burundi, yaliyoanza Arusha Juni 1998 hadi saini za Agosti 28, 2000, yalikuwa na pande 19. Kwenye mazungumzo kama hayo kila ujumbe hudai chumba chake, chenye mlango unaofungwa, mbali na chumba cha hasimu wake. Ukumbi mmoja wa viti elfu tano hauwezi kuwapa hicho.