Nazi Iliyogoma Kuvunjika

Mtu aliyezaliwa Tanga hafundishwi nazi. Hayo ndiyo niliyomwambia mwanafunzi mwenzangu, Mtamili wa Singapore, Jumapili moja ambayo hatukuwa na kipindi katika kozi yetu ya shughuli za bandari, aliponiomba nimwachie yeye anichagulie nazi kwenye kibanda kimoja cha Little India, mtaa wa Wahindi huko Singapore. Nilikusudia kupika samaki wa nazi hosteli. Nikatikisa nazi saba moja baada ya nyingine, nikazisikiliza maji yake kama mganga asikilizaye tumbo la mgonjwa, nikachukua ya nane na kuilipia huku nikimtazama mwenye kibanda kwa huruma kidogo.

Mtaa wenyewe niliuona si mgeni kwangu, kwa kuwa hata kwetu miji mingi ina Uhindini wake. Katika Kerbau Road tulikwisha kuitazama nyumba ya Tan Teng Niah, jumba la mfanyabiashara wa Kichina lililojengwa mwaka 1900, ambalo leo limepakwa rangi nyingi mno hata ukadhani kila fundi alikuja na kopo lake na hakuna aliyekubali kushindwa. Mwenzangu alinieleza kwamba kerbau ni nyati kwa Kimalayu, na kwamba majina ya namna hiyo yalibaki kutoka siku ambazo mtaa huo uliishi kwa biashara ya mifugo.

Tulipofika Serangoon Road, akavua viatu na kuingia kuomba katika hekalu la Sri Veeramakaliamman, yaani la Kali, mungu wa kike wa Wahindu, hekalu ambalo wenyeji wa zamani waliliita kwa Kitamili hekalu la kijiji cha chokaa, na ambalo watu walilikimbilia wakati ndege za Wajapani zilipoushambulia mji. Mimi nikabaki nje na nazi yangu kwapani. Karibu na lango niliona vipande vya nazi zilizopasuliwa, nikarudi nyuma hatua mbili bila kutaka, maana bibi yangu alitulea tukijua kwamba nazi iliyovunjwa njia panda hairukwi wala haiguswi.

Hapo ndipo alipotokea mama mmoja mzee aliyevaa sari. Kwa mazoea nikamwinamia na kumwamkia, "Shikamoo, mama." Hakuelewa neno, lakini heshima aliiona, akaitazama nazi, akanitazama mimi, akanishika mkono na kunipeleka moja kwa moja hadi mahali palipotengwa kwa kuvunjia nazi. Ningemwambiaje mtu wa umri ule kwamba hiyo ilikuwa mboga yangu ya jioni?

Nilianza kwa ufundi wa nyumbani, nikiigongagonga kiunoni huku nikiizungusha kiganjani, kama afanyavyo mwenye panga na kikombe cha kukingia maji. Nyuma yangu watu wakawa wanaongezeka, kila mmoja na nazi yake. Mama akatikisa kichwa, akanyanyua mkono juu na kuushusha kwa nguvu: itupe! Basi nikakusanya nguvu zote za Tanga, nikaibamiza.

Haikuvunjika. Iliruka, ikapita katikati ya safu za viatu, ikashika njia ya waendao kwa miguu, nami nikaifuata mbio nikiomba radhi kwa Kiswahili, mpaka nikajikwaa na kuangukia meza ya muuza maua. Nilipoinuka nilikuwa nimevaa makoja matatu ya asumini shingoni, mfano wa bwana harusi aliyekimbiwa, na muuzaji alikuwa ameshanionyesha kwa vidole kiasi cha kulipa. Jumapili mtaa huo hujaa vibarua walio mapumzikoni; mmoja wao akaituliza nazi kwa mguu kama beki mzoefu, akanirudishia, wenzake wakapiga makofi.

Mwenzangu alitoka akaniuliza kama ninajua maana ya jambo lile. Akasema kifuu kigumu ni kiburi cha mtu, na weupe wa ndani ni moyo unaobaki kiburi kikivunjika. Aliitazama nazi yangu, nzima isiyo na hata ufa, akauma midomo asicheke.

Adhuhuri nilikwenda kuswali katika Msikiti wa Abdul Gafoor, Dunlop Street, ambako juu ya mlango kuna jua la nakshi lenye miale 25, kila mwale ukiwa na jina la nabii mmoja kwa maandishi ya Kiarabu. Nililitazama kwa muda mrefu, nikinukia asumini kama biharusi, huku mzee mmoja akiitazama nazi yangu kwa muda huo huo.

Jioni, hosteli, niliivunja kwenye ngazi ya jikoni kwa nyundo ya kuazima. Ilikuwa imeoza. Mwenzangu hakusema neno. Aliinuka tu, akaenda kufungua dirisha.