Choya, Ndoo na Mpira wa Fundi

Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ni ya kuogopwa chekechea. Mtoto wa miaka 3 kichwa chake kizito; akiinama kuchungulia, miguu huachana na sakafu na kichwa hutangulia. Ndiyo maana watoto nawapa karai pana, maji kina cha sentimita 10, na ndoo ya akiba inakaa juu ya meza. Meza yenyewe ina kimo cha sentimita 75. Hizo 75 ndizo zilizoniponza.

Siku hiyo ilikuwa ya maji ya rangi. Rangi za dukani siziamini, maana kila kinachoingia karaini mwisho wake mdomoni. Nikachemsha robo kilo ya choya kavu, ile rosela nyekundu ya juisi, kwa lita 2 za maji, dakika 10, nikachuja, ikapoa, nikaimimina ndooni. Sukari sikutia hata chembe, la sivyo sisimizi nao wangejiandikisha shule. Vyombo vilikuwa vifuu vya kuchotea, sifongo, na chupa zilizotobolewa chini kwa msumari wa moto. Kifuniko kikikazwa maji hukatika, kikilegezwa huchuruzika. Hapo mtoto humaliza nusu saa bila kukuita. Juu ya hayo nikaazima mpira mwangavu wa mita 3 kwa fundi aliyekuwa akiutia maji na kupimia levo, yaani usawa, ya msingi wa vyoo vyetu. Ncha moja niliitumbukiza ndooni, nyingine ikaning'inia.

Bwana mdogo mmoja wa miaka 4 akaona juisi, akaona na mrija. Akavuta. Choya isiyo na sukari ikamfika, uso ukajikunja, akatema, akautupa mpira sakafuni.

Maji yakaendelea kuja.

Mpira ukishajaa maji pasipo hewa, na ncha ya nje ikiwa chini ya usawa wa maji ya ndooni, maji hukwea ukingo yenyewe na kushuka. Ncha ikizidi kuwa chini, kasi nayo huzidi. Yangu ilikuwa chini kabisa. Usalama wote ule wa meza, kumbe nilikuwa najenga tangi.

Nikatafuta koki. Koki gani? Nikaziba kwa kidole gumba; kikateleza kidogo, yakatoka kama mshale, safu ya mbele yote ikaoga na kushangilia. Nikaona heri niikimbize ndoo nje. Hilo ndilo lilikuwa kosa kubwa, maana ndoo ikipanda, mpira nao hutema zaidi. Nikazunguka darasa kama mtu anayemwagilia mchicha, mkia ukiburuta nyuma na watoto 22 wakiufuata.

Mikono ikachoka, nikaitua ndoo chini. Binti mmoja wa miaka 5 akaiokota ncha, akaiinua jichoni aone maji yanatoka wapi. Yakakoma. Akaishusha, yakaja. Akainua, yakakoma. Alirudia mara 10, na sikuwa na moyo wa kumkatiza. Kumbe ingetosha kuchomoa ncha ya ndani hewa ikaingia; hilo nilikumbuka nikiwa nakamua tambara.

Jioni kina mama wakayafua mashati meupe kwa sabuni ya mche. Choya ni nyekundu kwenye uchachu tu. Ikikutana na sabuni hugeuka buluu. (Doa la choya huanza na maji baridi matupu, sabuni baadaye.) Asubuhi mama mmoja akanisimamisha getini.

"Mwalimu, hili shati lina nini? Nimetia sabuni likawa buluu, nikatia ndimu likarudi waridi. Na huyu mwanao kaninyima usingizi, anataka nirudie."

Fundi naye alifuata mpira wake. Wekundu ulikuwa bado umo ndani, na maneno ya kuomba radhi nilikuwa nimeshayapanga. Akautazama juani, akaona jinsi mstari wa maji unavyosomeka hata kwa mbali.

"Mwalimu," akasema, "hiyo choya imebaki?"