Mninga wenye mawimbi haupakwi bluu

Kamati ya kwaya yetu hapa Mwanjelwa imeniomba, kwa adabu zote, gitaa langu la besi nilipige rangi ya bluu. Sare ni bluu, spika zimevikwa kitambaa cha bluu, sasa besi ya kahawia eti inaharibu picha. Nikamwambia mwenyekiti, "Shikamoo mzee, kwa hilo mtanisamehe."

Besi yenyewe kaichonga jirani yangu, fundi seremala ambaye siku zote anatengeneza vitanda na makabati. Mwili ni mninga wa Chunya, ubao wa kubonyezea nyuzi ni mpingo. Tulipoupitisha ule mninga kwenye randa ndipo mawimbi yakajitokeza, michirizi inayokatiza ubao kama maji ya bwawa yakipulizwa na upepo. Ukiuinamisha kidogo kuelekea dirishani, palipokuwa na giza panawaka, palipowaka panazima. Mti ulikua nyuzi zake zikijipinda, basi kila bonde la wimbi linarudisha mwanga upande wake. Mninga wa namna hiyo hauagizwi. Unaukuta kwa bahati, katikati ya mbao chungu nzima zilizonyooka tu.

Sina ugomvi na rangi nzito. Mtengenezaji wa magitaa wa Marekani aitwaye Leo Fender alitoa besi ya umeme ya Precision Bass mwaka 1951 kule California, na kabla muongo huo haujaisha kampuni yake ilikuwa ikipiga magitaa rangi za magari za kiwanda cha DuPont. Zilipendeza, na mbao za chini hazikuwa na maringo ya kufichwa. Besi ya msindano wa Sao Hill ningeipeleka gereji mwenyewe ikapigwe bluu mpaka ing'ae kama gari la harusi.

Kuna aliyenishauri nitumie bluu nyepesi inayoonyesha ubao. Hiyo inazifaa mbao za mepo (maple) za Ulaya na Marekani, kwa kuwa ni nyeupe: unapaka wino mweusi, unapiga msasa mpaka weusi ubaki kwenye mawimbi tu, unapitisha rangi, unamalizia na klia, yaani vanishi isiyo na rangi. Mninga una wekundu wake tayari. Nilijaribu kwenye kipande cha mabaki, kikatoka rangi ya maji ya kuoshea brashi.

(Sauti tuiache. Pikapu, ile sumaku iliyo chini ya nyuzi, inasikiliza nyuzi za chuma, haisikilizi vanishi.)

Mimi nami nilikosea, tena vibaya. Nilipuliza vanishi ya thina mwezi Machi, mvua ya Mbeya ikiwa bado inanyesha, kompresa ikinguruma barazani. Mkono wa kwanza haujakauka, mwili wote ukapiga ukungu mweupe kama kioo cha daladala asubuhi. Unyevu ulikuwa umenasa ndani ya vanishi. Fundi akacheka kwanza, kisha akasema, "Kaka, si ungengoja hata Juni?" Tukakwangua yote. Tukapiga msasa namba 220, halafu 320, tukauweka ndani mpaka kiangazi. Sasa una mikono sita ya klia, myembamba, na mawimbi yanaonekana hata kwa mwanga wa simu.

Kamati nimewatafutia njia. Nimeshonesha mkanda wa begani kwa kitambaa kilichobaki kwenye sare. Mwenyekiti kaugeuza huku na huku, kaguna, kisha kaniuliza kama na waya wa spika unapatikana wa bluu.