Kinga ya Mwili Ikipanda, Nani Anapona?

Machi 2006, wanaume sita wenye afya njema walidungwa dawa mpya iitwayo TGN1412 katika hospitali ya Northwick Park, London. Ilikuwa mara ya kwanza dawa hiyo kujaribiwa kwa binadamu, na dozi ilikuwa sehemu moja tu ya 500 ya ile iliyoonekana salama kwa wanyama wa maabara. Ndani ya saa moja na nusu walianza kuumwa kichwa na mgongo, kichefuchefu kikawashika, homa ikapanda. Haikupita siku, wote sita wakawa mahututi, mapafu na figo zikielekea kushindwa. Hakuna kijidudu kilichowaingia. Dawa ilikuwa imeziamsha seli T zao, yaani askari wa kinga walio katika damu, kwa mpigo mmoja, nazo zikamwaga saitokaini, kemikali ambazo seli za kinga hutumia kuitana, kwa wingi usiobebeka. Walinusurika, ingawa mmoja wao alipoteza vidole vya miguu na sehemu za vidole vya mikono. Na dawa yenyewe, pamoja na saratani ya damu, ilikusudiwa kutibu baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga hushambulia viungo. Yaani ilitarajiwa kuituliza kinga.

Kisa hicho hunijia kila ninapoona bidhaa imeandikwa kwamba "inaongeza kinga", kana kwamba kinga ni maji ya tangi, yakijaa ndiyo heri.

Hata hivyo, wanaotaka kinga iinuliwe wana hoja nzito, na si haki kuwacheka. Mtu mwenye VVU asiyetumia dawa hupoteza seli za kinga ziitwazo CD4 kidogo kidogo. Zikishuka chini ya 200 kwa kila milimita ya ujazo ya damu, vijidudu ambavyo watu wengine huishi navyo bila kujua vinaweza kumuua. Mtoto mwenye utapiamlo huuawa na surua ambayo mwenzake aliyelishwa vizuri angeivuka. Hapo kuinua kinga ni kuokoa maisha, na njia zinajulikana: dawa za ARV, chakula cha kutosha, vitamini A au zinki kwa anayepungukiwa. Kwa anayepungukiwa, nasisitiza. Asiyepungukiwa hapati kinga ya ziada kwa kumeza zaidi. Chanjo nazo ziko upande huu, ingawa kazi yake ni kuifundisha kinga adui mmoja kwa jina, na kwa mafunzo hayo dunia iliweza kutangaza mwaka 1980 kwamba ndui imetokomezwa.

Saratani ndiyo iliyowapa nguvu mpya watu wa kambi hii. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2018 kwa kuonyesha kwamba seli T zina breki zake, na kwamba breki hizo zikiachiwa, seli zinaweza kuushambulia uvimbe uliokuwa ukikua mbele yake bila kuguswa. Wapo wagonjwa wa saratani ya ngozi iliyokwisha kusambaa walioishi miaka mingi kwa dawa za aina hiyo. Lakini seli zilizoachiwa hazichagui kila mara. Kwa baadhi ya wagonjwa huvamia utumbo, ini, tezi ya shingo, na mara chache hata moyo. Ikifika hapo, daktari aliyekuwa akiichochea kinga humwandikia mgonjwa yuleyule steroidi za kuizima.

Upande wa pili, wa wanaotaka kinga ishushwe, hauhitaji utetezi mrefu. Katika kisukari aina ya kwanza, kinga huziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Katika lupasi, ugonjwa ambao kinga huugeukia mwili wenyewe, inaweza kuharibu figo. Aliyepandikizwa figo ya mtu mwingine humeza dawa za kuishusha kinga kwa muda wote figo hiyo inapofanya kazi. Gharama yake ipo: dawa zinazozuia TNF, mojawapo ya saitokaini, zilizowapa nafuu wagonjwa wengi wa baridi yabisi, zinaweza kufungua vifundo ambamo kinga ilikuwa imeifungia bakteria ya kifua kikuu kwa miaka. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa TB kwanza.

Mimi naona hoja ya kiasi, iwe kinga nyingi au kinga kidogo, inatupoteza pande zote mbili. Swali lenye maana ni wakati gani na sehemu gani. Chukua deksamethasoni na Uviko-19. Utafiti wa RECOVERY wa Uingereza ulionyesha mwaka 2020 kwamba dawa hiyo rahisi ya kutuliza kinga ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa karibu moja ya tano kwa waliopewa oksijeni tu. Kwa wasiohitaji oksijeni haikusaidia. Virusi ni vilevile. Kilichobadilika ni hatua ya ugonjwa.

Mfano ulio mkali zaidi ni wa mgonjwa wa VVU mwenye homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi wa kriptokokasi. Akili ya kawaida inasema kinga yake imeanguka, basi mpe ARV leo. Watafiti waliofanya kazi Uganda na Afrika Kusini walilipima wazo hilo kwa wagonjwa 177, na matokeo yakatoka mwaka 2014. Kati ya walioanzishiwa ARV wiki moja hadi mbili baada ya kugunduliwa ugonjwa, asilimia 45 walikuwa wamefariki ifikapo wiki ya 26. Waliosubiri kama wiki tano, wakitibiwa fangasi kwanza, asilimia 30. Maelezo yanayopewa uzito ni kwamba kinga inayoamka inakuta fangasi wamejaa, na vita vinapiganwa ndani ya fuvu, mahali pasipo na nafasi ya kuvimba. ARV ni zilezile, lazima azipate. Wiki chache ndizo zilizotenganisha tiba na madhara.

Kwa hiyo anayemeza prednisoloni, steroidi ya kushusha kinga, kwa ajili ya lupasi, akiambiwa na muuza virutubisho kwamba kinga yake iko chini, ameambiwa nusu ya ukweli. Iko chini kwa sababu imeshushwa kwa makusudi. Na akiiacha dawa ghafla baada ya miezi mingi, tezi za mwili zinazotengeneza homoni ambayo dawa hiyo huiiga huenda zisiwahi kuanza kazi kwa wakati. Watu huanguka kwa hilo.

Kambi zenyewe zimeanza kuchanganyika. Huko Erlangen, Ujerumani, madaktari waliripoti mwaka 2022 kuhusu wagonjwa watano wa lupasi ambao seli T zao zilitolewa, zikaongezewa jeni ya kuzitambua seli B, yaani seli za kinga zinazotengeneza kingamwili, zikarudishwa mwilini. Mbinu hiyo ilitoka kwenye tiba ya saratani ya damu. Sehemu moja ya kinga ilinolewa ili iifute nyingine. Wote watano walipata nafuu kiasi cha kuacha dawa zao za lupasi, na seli B mpya ziliporejea baada ya miezi michache, ugonjwa haukurejea nazo katika muda waliofuatiliwa.