Mshauri wa kampeni Tanga: hesabu zake na hila zake

Msimu wa kampeni ukifika, Ngamiani husemwa mambo mawili juu ya mshauri wa mgombea. Wapo wanaoamini ndiye aliyempeleka mtu bungeni, na wapo wanaomwona mla pesa aliyeshuka kutoka Dar es Salaam na laptopu yake. Wote wanapima kwa mabango, nyimbo na kaulimbiu, na hiyo ndiyo sehemu ndogo ya kazi.

Kazi yenyewe huanza na Fomu 21B, ile ya matokeo ya ubunge inayobandikwa nje ya kila kituo. Mshauri makini hukusanya nakala za chaguzi mbili au zaidi, akavigawa vituo mafungu matatu: vyetu, vyao, na vinavyoyumba. Uchaguzi mmoja hautoshi. Tanga Mjini ilichagua mbunge wa chama cha upinzani, CUF, mwaka 2015, na 2020 kiti kikarudi kwa chama tawala, CCM (mabishano juu ya uchaguzi huo yana mahali pake). Atakayetazama mwaka mmoja tu atapotea. Kisha inakuja hesabu. Kwetu mshindi ni mwenye kura nyingi, si lazima avuke nusu. Katika kata yenye waliojiandikisha 8,000, wakijitokeza nusu na wagombea wenye nguvu wakiwa watatu, kura 1,700 zaweza kutosha. Nguvu basi ziende kwenye vituo vinavyoyumba, si kwenye mkutano wa uwanja wa Tangamano ambako wengi wamefuata taarab.

Utaalamu huonekana hata kwenye gari la matangazo. Likienda kilomita 40 kwa saa, linapita mita 11 kila sekunde. Aliyekaa kibarazani Makorora, kama sauti inamfikia vizuri kwenye kipande cha barabara cha mita 100, ana sekunde tisa tu. Ataambulia “maendeleo” bila kujua ni ya nani. Dereva akishuka hadi kilomita 15, sekunde zinakuwa 24. Humo jina litajwe mara tatu, chama mara mbili, na jambo moja, basi. Wagombea hulikataa hili, wanataka ilani nzima isomwe. Na picha ya bango ifanane na ile iliyopelekwa na fomu ya uteuzi, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokuwa kwenye karatasi ya kura. Mzee asiyesoma akizoea sura yenye miwani na koti, halafu akakuta ya kofia, atababaika.

Pesa nyingi hupotea kwa kuwapuuza mawakala, watu wa mgombea wanaokaa kituoni kulinda kura zake. Upigaji kura hufungwa saa 10 jioni, ndipo kuhesabu kuanze. Wakala aliyeahidiwa chakula kisifike huondoka magharibi, na nakala ya 21B haiji. Bila nakala hizo mgombea hana cha kulinganisha na jumla iliyotangazwa, wala cha kushika akienda mahakamani. Mshauri anayeomba mabango zaidi kabla ya kuuliza posho ya mawakala aogopwe.

Upande wa pili, wa hila, ni mzito. Kampuni inayotajwa kuwa ya kwanza ya aina hii, Campaigns, Inc. ya California, ilianzishwa 1933. Mwaka uliofuata ilimpiga mgombea ugavana aliyekuwa mwandishi wa riwaya kwa kunukuu maneno ya wahusika wake kana kwamba ni imani yake mwenyewe. Kila neno lilikuwa limeandikwa kweli, na picha nzima ilikuwa uongo. Karibu na kwetu, mwaka 2018 viongozi wa Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya kuendesha kampeni kwa data za wapiga kura, walirekodiwa kwa siri wakijigamba jinsi walivyoendesha kampeni za Kenya. Huenda walijikweza, wauza huduma ndivyo walivyo, lakini wapiga kura wengi wa Kenya hawakujua kwamba wapo.

Kwetu hila huanzia mapema, kwenye kura za maoni, zile za ndani ya chama za kumpata mgombea wake. Pale wanaopiga kura ni wajumbe wa chama tu, tangazo la redio halina kazi, na mshauri huishia kubeba bahasha. Msemo “wajumbe si watu wema” wa mwaka 2020 haukutoka hewani. Takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, iliruhusiwa na sheria mwaka 2000, Mahakama Kuu ikaibatilisha 2006, kisha ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inayomtaka mgombea aeleze mapato na matumizi. Ila klipu isiyo na jina inayosambazwa WhatsApp usiku haina risiti.

Kwa hiyo sioni ubaya katika kuhesabu vituo na kupunguza mwendo wa gari. Mpiga kura hapotezi kitu. Ubaya uko kwenye kazi isiyo na mwenyewe, na mgombea anaweza kuibana tangu kwenye mkataba. Malipo yawe kwa awamu, kila awamu kwa kazi iliyokabidhiwa: jedwali la vituo, orodha ya mawakala, matangazo yenye jina la aliyelipia. Bakshishi ya ushindi isiwemo, maana anayelipwa akishinda tu hana sababu ya kukataa bahasha wiki ya mwisho. Na majedwali yabaki kwa mgombea, la sivyo miaka mitano ijayo yatauzwa kwa mpinzani wake.