Mtoto Akilia ni "Oooh", Baba Akilia ni Kicheko

Mnisikilize jamani, maana humu ndani hakuna anayenisikiliza tena. Kuna jambo kwenye vichekesho vya familia vya Wamarekani limenikaa kooni, na kila nikifungua mdomo kulisema, mama watoto anachukua rimoti anaongeza sauti.

Nianze na kiti. Baba wa kwenye vichekesho hivi hapewi akili, hapewi nguo ya maana, hapewi hata neno la mwisho kwenye nyumba anayoihangaikia. Anapewa kiti, basi. Archie Bunker wa All in the Family alikuwa na chake, na ole wake mkwe au mgeni aliyethubutu kukikalia. Kipindi kilirushwa kuanzia 1971 hadi 1979, na kiti chenyewe sasa ni mali ya makumbusho ya taifa ya historia kule Washington. Martin Crane, polisi mstaafu wa kwenye Frasier, alipohamia kwa mwanawe mwenye samani za kifahari alikuja na kiti kilichozibwa viraka vya utepe wa gundi, kikamtoa roho mwenye nyumba kuanzia 1993 hadi 2004. Murray wa The Goldbergs ndiyo kabisa: akifika kutoka kazini anavua suruali kwanza, ndipo anakaa, na familia nzima inaona sawa. Mimi suruali ninayo muda wote, na bado kiti changu kinatafutiwa sababu ya kutolewa nje. Nikajitetea kwamba cha Archie kimepelekwa makumbusho. Mama watoto akasema vizuri, na chako kipeleke, ukae juu yake hukohuko wakuandikie kibao.

Baada ya kiti, mguno. Huyu baba haruhusiwi kusema sentensi nzima. Tim Taylor wa Home Improvement, 1991 hadi 1999, ana kipindi chake cha televisheni cha kufundisha watu vifaa vya ufundi, na kila akishika kifaa ama kinampiga shoti ama kinabomoa kitu. Akifurahi anaguna. Akikasirika anaguna. Akitaka kumwambia mkewe anampenda, anaguna kwa sauti nzito kidogo. Wakikwaruzana anatoka nje hadi kwenye uzio, kwa jirani yake Wilson ambaye uso wake umefichwa na mbao, kwenda kuuliza maana ya alichoambiwa ndani. Jirani anampa hekima za wanafalsafa, Tim anarudi nazo kwa mkewe amezikoroga zote. Mtu ana karakana nzima ya misumeno, lakini hisia anaazima kwa jirani! Na ana watoto watatu wa kiume wanaomtazama.

Haikuwa hivi toka mwanzo. Miaka ya 1950 baba wa televisheni alikuwa anakula chakula cha usiku amefunga tai, na kipindi kimoja kikaitwa waziwazi Father Knows Best, kwamba baba ndiye ajuaye. Kuna mtu aliwaudhi waandishi hapo katikati, maana tangu siku hizo baba hajajua kitu tena.

Sasa, karibu na huyu baba wa kiti na mguno, waandishi wanamweka mtoto wa kiume mwenye machozi ya karibu. Hapo ndipo shida yangu inapoanzia.

Chukua Modern Family, iliyoanza 2009 ikaisha 2020. Manny Delgado ni mtoto wa shule, lakini anakunywa kahawa, anatunga mashairi, anaongea kama balozi aliyestaafu. Kipindi cha kwanza kabisa anampenda msichana wa miaka 16, anavaa, anabeba shairi lake na kulifikisha mwenyewe. Amempa moyo wake. Msichana amempa picha ya Manny mwenyewe amevalishwa kama sherifu, polisi wa zamani wa Kimarekani. Baba yake wa kambo, Jay, kazi yake ni kumwangalia kwa jicho la pembeni na kumwomba apunguze. Na huyo Jay ni Ed O'Neill, mtu yuleyule aliyekuwa Al Bundy kwenye Married... with Children kuanzia 1987 hadi 1997, muuza viatu ambaye fahari yake yote duniani ni mechi moja ya shuleni aliyofunga mara nne kwenye mpira wa Kimarekani. Mwanaume kaondoka kwenye sofa moja kahamia nyingine, miaka imepita, na katikati hapo hakuna aliyemfundisha kusema "nimeumia". Mtoto ambaye hata ndevu hana anaeleza maumivu yake kwa mpangilio, kuna utangulizi na kuna mfano. Jay anasema "ehe" na kutafuta kinywaji.

Nikiwa mkweli, anayenimaliza si Manny. Ni Bobby Hill wa King of the Hill, iliyoanza 1997. Baba yake, Hank, anauza gesi huko Texas na anaipenda kuliko kitu chochote kisicho nyasi za bustani yake. Amejaliwa mtoto mmoja tu, wa kiume, na mtoto huyo hataki mpira. Anataka kuwa mchekeshaji. Hank anamtazama na kusema neno lake lilelile, kwamba huyu mtoto hayuko sawa. Basi siku moja Bobby anaonewa na wenzake, baba anaamua akajifunze ndondi. Nafasi ya ndondi inakosekana. Mtoto anaingia darasa lililopo, nalo ni la wanawake la kujihami. Anafundishwa kupaza sauti, "Huo ni mkoba wangu! Mimi sikujui!" na hapohapo kupiga teke pale ambapo kila mwanaume anapajua. Bobby hakubadilisha hata neno. Kila mbabe aliyemsogelea aliambiwa habari za mkoba, kisha akalala chini amejikunja. Mwishowe teke likamfikia na baba mwenyewe. Hank alitaka mwanawe awe dume, dume likapatikana, likaanzia kwake. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, halafu nikavuta mto nikauweka mapajani, maana wangu alikuwa amekaa jirani na anatazama kwa makini mno.

Hawa kina baba wana ugonjwa wa kukagua. Mtoto akishika ua, anakaguliwa. Akivaa shati lenye rangi, kikao. Mwaka 1971 Archie alimkagua rafiki wa mkwewe, kijana mwembamba mwenye mavazi nadhifu, akatoa hukumu kwamba yule anapenda wanaume wenzake. Hapana, si yeye. Aliyekuwa hivyo ni rafiki wa Archie mwenyewe, mcheza mpira wa zamani mwenye mabega ya kubeba mlango, na alimwambia hivyo Archie mdomoni pale baa, wakiwa wanashindana nguvu za mikono. Kipindi kile kilimkera hata Rais Nixon wa Marekani, yule aliyekuja kujiuzulu. Alikilalamikia ofisini kwake Ikulu na mashine zake mwenyewe zikamrekodi. Nikimwambia mama watoto kwamba kulalamika mbele ya televisheni ni kazi iliyowahi kufanywa na rais, anasema angalia yaliyompata.

Homer Simpson, baba wa kwenye katuni ya The Simpsons, naye akapata homa hiyohiyo mwaka 1997, baada ya kufahamiana na mwanaume anayependa wanaume wenzake. Kaona mwanawe Bart anacheza muziki kwa madaha, kaingiwa hofu. Dawa aliyobuni ni kumkalisha mtoto mbele ya bango la sigara lenye picha za wanawake warembo, amtazamishe kwa masaa mpaka uanaume umwingie. Alipomuuliza anajisikiaje, mtoto akasema anatamani sigara. Akampeleka kiwanda cha chuma akaone wanaume wa kazi. Wafanyakazi wote wakawa hao hao anaowakimbia. Akampeleka kuwinda, wakaishia kushambuliwa na paa wa Krismasi na kuokolewa na mtu yuleyule Homer aliyekuwa anamwogopa. Kipindi kile kilipata tuzo ya Emmy. Sishangai. Mimi ninashangaa tu kwamba katika hekaheka zote hizo hakuna aliyemuuliza Bart kama anataka kwenda.

Na Steve Urkel mnamkumbuka? Kwenye Family Matters aliletwa kama mgeni wa kupita, akang'ang'ania mpaka 1998. Mtoto wa miwani, suruali imepanda kifuani, moyo uko wazi barabarani: anampenda Laura, anakataliwa, kesho yuko mlangoni tena. Baadaye waandishi wakamtengenezea mashine. Anaingia Steve, anatoka Stefan, sauti nzito, koti safi, Laura anayeyuka papo hapo. Somo lenyewe hilo! Kwamba mtoto mpole akitaka kupendwa aingie kwenye kabati la umeme.

Lakini haya yote ningeyameza. Nisichokimeza ni sauti ya watazamaji.

Sikilizeni vizuri siku nyingine. Kwenye zile tamthilia za studio yenye watu, mtoto wa kiume akiinamisha kichwa na mdomo ukaanza kutetemeka, ukumbi mzima unafanya "oooh". Laini, ya huruma, na muziki wa taratibu unaingia chini yake. Sasa subiri baba naye aguswe. Kidevu kimetikisika kidogo tu: ha ha ha ha! Amejifuta jicho na mkono wa shati: wanapiga makofi! Na pengine hao wanaomcheka hata hawamo ukumbini. Miaka ya 1950 fundi wa sauti, Charles Douglass, alitengeneza mashine ya vicheko vilivyorekodiwa. Anabonyeza hapa watu wanacheka kwa adabu, anabonyeza pale wanaanguka viti. Ninachotaka kujua ni kimoja. Alipokuwa anapanga vile vitufe, kwa nini hakukuwa na mtu wa kumwambia kimoja akitenge kwa ajili ya baba?

Siku hizi wameondoa vicheko kwenye nyingi. Wameweka kochi, wahusika wanaongea na kamera. Nikadhani tumekombolewa. Wapi! Mtoto anaiambia kamera yaliyomo moyoni, baba anaiambia kamera kwamba hakuna kilichotokea, halafu wanaonyesha kilichotokea.

Kuna mara moja ninayoijua ambapo hakuna aliyecheka. The Fresh Prince of Bel-Air, Mei 1994. Will, yule mtundu wa maneno mengi, baba yake mzazi kajitokeza baada ya miaka, kamwahidi safari, kisha kaondoka tena. Will anajikaza, anahesabu yote aliyoyaweza bila yeye, sauti inapanda, mikono inarushwa. Halafu dume zima linavunjika katikati ya sentensi na kuuliza kwa nini yule mtu hamtaki. Mjomba Phil, jaji, mwili mkubwa, hana hekima za uzio. Anamvuta tu na kumkumbatia. Studio kimya. Hata yule mtu wa vitufe aliondoa mkono.

Mimi mwenzenu nilikuwa kwenye kochi. Picha ikaanza kuingia ukungu, nikafikiri ni televisheni. Nikavuta pumzi, pumzi ikatoka na mlio ambao sikuuandaa. Mnadhani nilipata "oooh"? Mama watoto aligeuka akaniangalia, akaziba mdomo na khanga, mabega yakaanza kucheza. Mtoto akapiga kelele, "Baba analia!" kwa furaha ya aliyeona kupatwa kwa jua. Wakampigia simu shemeji wakaniwekea kwenye spika.

Ni mtoto huyohuyo ambaye penseli yake ikivunjika anaiomboleza, na nyumba inasimama! Anapakatwa, anaulizwa ilikuwa penseli gani, anaombwa aeleze anavyojisikia. Na anaeleza, mwanaharamu yule wa raha, anaeleza vizuri kuliko Manny. Simwonei wivu. Ninauliza tu umri ambao huduma hiyo inakatwa, maana mimi barua sikupewa.

Shemeji, kaka yake mama watoto, ana maoni yake. Yeye ni mwanaume wa mguno, hata salamu anaitoa kwa kidevu. Alikuja juzi akamkuta mpwa wake anafuta machozi kwa sababu ya mbwa wa kwenye katuni, akanivuta pembeni: "Shemeji, unamharibu mtoto kwa hao kina Manny. Mwache aangalie Bart. Yule ndiye mtoto wa kiume. Mtundu, jeuri, hana machozi ya ovyo. Sikia hata sauti yake, sauti ya kidume."

Nilikuwa nimeisubiri nafasi hii muda mrefu kuliko anavyojua. Nikamwambia sauti ya Bart ni ya Nancy Cartwright, mama mzima, anaitoa tangu 1987.

Akanyamaza. Akaangalia televisheni. Bart alikuwa anamtukana mtu.

"Mwanamke?"

"Mwanamke. Na Bobby Hill ni Pamela Adlon, mwaka 2002 walimpa tuzo ya Emmy."

Shemeji akakaa. Hajawahi kukaa kwangu bila kukaribishwa. "Na Homer je?" akauliza, sauti imeshuka. "Usiniambie na Homer."

Nikamwambia atulie, Homer ni mwanaume kamili, Dan Castellaneta.

Akashusha pumzi. "Angalau."

"Angalau nini, mjomba?" mtoto akadakia bila kuondoa macho kwenye katuni. "Si ndiye mjinga peke yake hapo?"

Kidevu cha shemeji kikatikisika. Nikajiandaa kucheka, haki yangu kabisa, nimeilipia. Nyumba nzima ikafanya "oooh". Mama watoto akaenda kumletea maji, mtoto akamwekea mkono begani. Shemeji! Mtu wa mguno! Na kwenye kiti changu.