Faranga moja ya Kigoma na barafu ya Greenland

Faranga moja kwa mwaka. Hiyo ndiyo kodi ambayo Ubelgiji, mtawala wa Kongo, ilikubaliana na Uingereza, mtawala wa Tanganyika, mwaka 1921 kwa maeneo mawili ya bandari, moja Dar es Salaam na jingine hapa Kigoma, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo) ipate njia ya kwenda baharini. Muda wa mkataba ulikuwa milele. Watu wa Kigoma na Ujiji hawakuulizwa.

Naukumbuka mkataba huo kila mjadala wa Greenland unapozuka kwenye benchi la kahawa. Tangu 2019, na kwa ukali zaidi tangu Desemba 2024, Rais Donald Trump wa Marekani amekuwa akisema nchi yake inapaswa kukimiliki kisiwa hicho, kikubwa kuliko vyote duniani, kilichomo katika Ufalme wa Denmark lakini chenye serikali yake ya ndani. Pale kwenye kahawa wapo wanaosema ni tamaa tu ya mkubwa. Wapo wanaosema mwenye nguvu mpishe. Kauli zote mbili zinaliruka swali ninaloliona la msingi: anataka nini hasa ambacho hana tayari?

Tuanze na haja yake, kwa kuwa ni ya kweli. Ukitazama ramani ya ukutani hutaiona, shika tufe. Kombora likirushwa kutoka Urusi kuelekea miji ya Marekani, njia yake fupi hupita upande wa Ncha ya Kaskazini, na Greenland iko njiani. Ndiyo maana Marekani ina kambi Pituffik, kaskazini-magharibi mwa kisiwa, yenye rada za kuona hatari mapema. Historia nayo inaipa hoja nguvu. Aprili 1940 Ujerumani iliivamia Denmark na kuikalia. Mwaka uliofuata balozi wa Denmark mjini Washington alisaini makubaliano yaliyoiachia Marekani ulinzi wa Greenland. Anayesema leo kwamba Denmark peke yake haiwezi kukilinda kisiwa chenye ukubwa unaozidi mara mbili ya Tanzania nzima, hajatunga uongo.

Madini yapo pia, yakiwemo yale adimu yanayotumika kwenye mota na vifaa vya elektroniki. Lakini hakuna barabara hata moja inayounganisha mji na mji, sehemu kubwa imefunikwa na barafu, na mwaka 2021 bunge la kisiwa lilipiga marufuku uchimbaji wa urani. Mwenye mtaji halazimiki kuhamisha mpaka wa nchi ili achimbe. Anahitaji leseni na uvumilivu.

Hoja ya ulinzi ndiyo inayobaki, nayo inakutana na karatasi ya mwaka 1951. Mkataba wa mwaka huo kati ya Marekani na Denmark unairuhusu Marekani kuweka kambi na kuleta askari Greenland kwa makubaliano. Wakati wa Vita Baridi ilikuwa na maelfu ya wanajeshi huko, na ni Marekani yenyewe iliyowapunguza baadaye. Kama ulinzi umelegea, haukulegea kwa kukosa hatimiliki.

Watetezi wa Trump wana jibu, na ni jibu zito kuliko wapinzani wake wanavyolichukulia. Wanasema mpangaji halali usingizi mzito. Sheria ya mwaka 2009 inawapa watu wa Greenland haki ya kuamua kujitegemea. Je, taifa jipya likikataa kufungwa na saini za Denmark?

Hapa Kigoma tunalo jibu la kihistoria, na mwanzoni linaonekana kuwaunga mkono wao. Novemba 30, 1961, siku chache kabla ya Uhuru, Julius Nyerere aliliambia Bunge la Tanganyika kwamba mkataba ule wa faranga moja hauwezi kuifunga nchi huru, kwa sababu Uingereza ilikuwa mdhamini tu, yaani msimamizi wa muda, na haikuwa na mamlaka ya kugawa ardhi yetu milele. Hilo ndilo hasa linalowatia hofu Washington. Lakini katika tamko lilelile Nyerere alikuwa tayari kuzungumza juu ya utaratibu mpya. Alichokataa ni umilele. Kwa jirani anayehitaji bahari, mlango haukufungwa.

Kuna sababu nyingine ya kutaka ardhi ambayo wachambuzi wengi wanaipita. Mara nyingine mtawala huishika ardhi kwa ajili ya kuibadilisha na kitu kingine. Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza dhidi ya Wajerumani, majeshi ya Ubelgiji yaliingia Tabora yakiwa yameshaichukua Kigoma, lakini kilichokuwa moyoni mwa serikali yao ni eneo la Wareno kwenye mdomo wa mto Kongo. Tabora na Kigoma zilikuwa dhamana ya mazungumzo. Ureno haikukubali, na Ubelgiji ikaishia na Ruanda-Urundi. Agosti ya mwaka huohuo Denmark ilisaini kuiuzia Marekani visiwa vyake vya Karibi kwa dola milioni 25, na Marekani ikatamka kwamba haina pingamizi Denmark ikieneza mamlaka yake Greenland yote. Raia wa Denmark walipiga kura juu ya mauzo hayo. Wakazi wa visiwa vyenyewe hawakupewa kura rasmi.

Kwa hiyo sitashangaa kama sehemu ya madai ya leo ni ya kukuza bei mezani, iwe ni kambi zaidi, haki za madini au kuwafungia Wachina na Warusi mlango. Sehemu nyingine ni sifa. Kiongozi aliyeongeza ramani ya nchi yake huandikwa vitabuni, kwa namna ambayo aliyeongeza ukurasa kwenye mkataba haandikwi. Sifa ya ramani sisi tunaijua gharama yake. Mwaka 1978 Idi Amin, akiwa na misukosuko ndani ya jeshi lake, alitangaza kuitwaa sehemu yetu ya Kagera. Vita ikafuata hadi majeshi ya Tanzania yakaingia Kampala Aprili 1979.

Simfanyi Denmark malaika. Mwaka 1953 familia za Wainughuit, wenyeji wa kaskazini-magharibi mwa kisiwa, zilihamishwa kupisha upanuzi wa kambi ileile ya Pituffik, na manung'uniko ya wenyeji juu ya utawala wa Denmark ni mengi na ya haki. Lakini watu wa Greenland wote hawafiki 60,000. Manispaa yetu ya Kigoma Ujiji peke yake inawazidi mara tatu na zaidi. Katika uchunguzi wa maoni wa Januari 2025, asilimia 85 ya waliohojiwa walisema hawataki kuwa sehemu ya Marekani. Wengi wanataka uhuru wao. Kwangu hapo mizani inalala upande mmoja: haja ya Marekani inatosha kuomba kambi, haitoshi kuomba watu.

Ukishuka gatini Kigoma leo utaona mizigo ya Kongo na Burundi ikipakiwa kuvuka ziwa. Wenye mizigo wanalipa tozo za bandari za kawaida.